ULIZA SHANGAZI: Karatasi za serikali ni zako, usimlipe mtu akutolee

Mwezi huu barua mlizonitumia nyingi ni za makaratasi, ya mahakamani, ya ardhi, ya kaunti, na karibu kila barua ina mtu ndani yake anayetaka pesa ili amletee msomaji wangu kitu ambacho tayari ni chake. Wallahi hili laniuma. Kwa hivyo barua za ndoa na mawifi nimeziweka kando mpaka toleo lijalo, leo tuyamalize haya.

*

Shangazi, asalaam aleikum. Marehemu baba alikua na kesi ya shamba na jirani, ikasikizwa mahakama ya ardhi hapa hapa Mombasa, ikaisha baba akiwa hai lakini sisi watoto hatujawahi kuiona hiyo hukumu kwa macho. Sasa kuna jamaa hushinda nje ya mahakama asema ana mtu wake ndani, tumpe elfu nne atutolee kopi. Tumpe au tusimpe?
Msomaji, Likoni

Waaleikum salaam mwanangu. Msimpe hata shilingi. Chukua simu yako hiyo hiyo uliyoniandikia, fungua kenyalaw.org, hiyo ni saiti ya shirika la serikali ambalo liliundwa kwa sheria ya 1994 na kazi yake ndo hiyo, kuchapisha hukumu na sheria za Kenya, na kusoma ni bure, huulizwi jina wala namba ya kitambulisho. Mna hukumu za Mahakama ya Juu, ya Rufaa, Mahakama Kuu, ya ardhi na mazingira, ya wafanyikazi, mpaka za makadhi zimo.

Pale pa kutafuta andika jina la babako, lakini skiza, majina yetu ya Pwani karani huyaandika anavyoskia, kwa hivyo kama ni Mohamed jaribu pia Mohammed na Muhammad, kama ni Said jaribu Saidi, na ukikosa kabisa tafuta kwa jina la yule jirani au namba ya shamba. Halafu chuja kwa mahakama na mwaka, usisome yote yanayokuja. Ukiona kitu kama [2022] KEELC halafu namba, ujue hiyo ni ya mahakama ya ardhi na mazingira ya mwaka huo, KEHC ni Mahakama Kuu, KECA ni ya Rufaa. Za zamani utazikuta zimeandikwa eKLR, ni zile zile, usiogope.

Mkishaipata msiishie hapo, angalieni kama kulikua na rufaa, manake hukumu ya kwanza huenda ilibadilishwa na nyie hamna habari. Mfano nzuri uko hapa kwetu, ile kesi ya watu wa Owino Uhuru na sumu ya risasi ya kiwanda cha betri. 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wanakijiji bilioni 1.3, 2023 Mahakama ya Rufaa ikayafuta hayo malipo, Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikayarudisha. Mtu aliyesoma ya 2023 peke yake akafunga simu, mpaka leo yuwaamini wale watu walishindwa.

Kuna mambo mawili ambayo saiti haitawafanyia. Kwanza, kesi za zamani za mahakimu nyingi hazimo, hizo lazima mwende rejista ya mahakama yenyewe na namba ya kesi. Pili, kopi ya intaneti ni ya kusoma na kuelewa, lakini mkitaka kukata rufaa au kutekeleza hukumu mtatakiwa ile yenye muhuri, na hiyo hulipiwa kwa njia rasmi ya mahakama na mnapewa risiti, hampewi na mtu aliyesimama chini ya mti. Na kwa wasomaji wengine ambao hukumu yao ni ya juzi juzi, msikae: kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu una siku 30, na kutoka Mahakama Kuu au mahakama ya ardhi kwenda Rufaa ile notisi huwekwa ndani ya siku 14, na siku huhesabiwa mkiwa mwabishana nyumbani nani ataenda kwa wakili.

Na ukishaidaunlodi, iprinti, mtumie nduguyo, iweke kwa gurupu la familia, hakuna kosa. Sheria ya hakimiliki ya Kenya imesema wazi kwamba sheria zilizoandikwa na maamuzi ya mahakama hazina mwenyewe wa kukudai.

*

Shangazi mimi ni mama wa Kisauni. Kuna mtu amenambia eti plot yetu imetoka kwa gazeti, nikadhani ni gazeti la habari nikatafuta sikuona, kumbe ni gazeti la serikali. Wanasema kuna mtu ameapa kwamba hati imepotea na anataka apewe mpya. Hati iko kwa sanduku langu! Nifanyeje na hilo gazeti nalipata wapi?
Mama, Kisauni

Dada, hii yako ni ya haraka kuliko zote, ningekua na uwezo ningeiweka ya kwanza.

Gazeti la serikali, hilo waliloliita Kenya Gazette, hutoka kila Ijumaa na mara nyengine toleo la ziada katikati ya wiki. Limo kwa kenyalaw.org hiyo hiyo, na matoleo ya zamani zaidi yamo pia kwa gazettes.africa, zote bure. Mtu akisema hati imepotea, msajili wa ardhi hatakiwi kumpa nyengine kimya kimya, lazima atangaze, na tangazo hua linasema baada ya siku 60 tangu siku ya tangazo hati mpya itatolewa kama hakuna pingamizi. Hizo siku 60 ndo zako. Kwa hivyo kitu cha kwanza utakachoangalia ukilipata ni tarehe, kabla hata ya jina la huyo mtu.

Sasa kutafuta. Ukiandika "Kisauni" peke yake utaletewa mamia ya kurasa. Chukua hati yako utoe maelezo kama yalivyoandikwa, hapa kwetu mengi hua ni namba ya kiwanja halafu Section fulani Mainland North, au kwa kifupi MN, na ziko zenye namba ya C.R., sasa tafuta kwa kila moja ya hizo, manake tangazo laweza kutumia moja likaacha nyengine. Ukishafungua PDF yenyewe tafuta tena ndani yake, usianze kuishusha kwa kidole ukurasa baada ya ukurasa, utachoka na bando litaisha. Kama simu yako ni ndogo nenda saiba mwambie kijana akufungulie tu, namba ya plot umpe wewe, na umlipe pesa ya saiba na ya kuprinti ukurasa mmoja, asikwambie ni "sachi ya ardhi" akakutoza mamia.

Ukilikuta na siku hazijaisha: andika barua ya pingamizi kwa msajili aliyetajwa chini ya tangazo, taja namba ya tangazo na tarehe ya gazeti, sema hati unayo, ambatisha kopi (kopi, dada, ile asili usimwachie mtu yeyote), peleka nakala mbili na ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Siku hiyo hiyo uliza kuhusu kuweka zuio kwenye ardhi, ile wanaita kosheni, ili isiuzwe wala kuhamishwa mpaka jambo liamuliwe. Fanya utafiti rasmi wa rejista uone jina la nani limeandikwa sasa hivi, hiyo ndiyo hulipiwa kwa haki. Na ripoti polisi, manake aliyeapa hati imepotea na hati iko kwako ameapa uongo. Kama siku 60 zimepita, usilie, lakini hapo tena si barua, hapo tafuta wakili au msaada wa kisheria wiki hii hii.

Wasomaji wengine pia, jizoesheni kuliangalia hili gazeti. Ndimo hutangazwa mirathi, mtu akiomba mahakamani kusimamia mali ya marehemu lazima itangazwe na wenye pingamizi wapewe siku 30, na nimeona watoto wa mke wa pili wakirithishwa hewa kwa sababu hakuna aliyesoma. Ndimo tume ya ardhi hutangaza viwanja vinavyochukuliwa kwa barabara na reli. Na ni gazeti la zamani sana hili, lilianza 1899, wakati Mombasa ndiyo makao makuu ya serikali ya Mwingereza kabla hawajahamia Nairobi, na nyinyi ambao babu zenu waliandikisha madai ya ardhi chini ya ile sheria ya 1908, ile ambayo ardhi isiyodaiwa iliandikwa ya Mfalme wa Uingereza, matoleo ya miaka ile yafaa kupekuliwa, hata kama macho yatauma kwa yale maandishi.

*

Shangazi, sisi ni vijana wa Changamwe. Mtaro wa mtaa wetu ulijengwa, mvua ya kwanza ukabomoka. Tulienda ofisi moja ya serikali kuuliza kontrakta alilipwa ngapi na mkataba unasema nini, tukaambiwa tulete barua ya MCA, yule mwakilishi wa wadi, na tuseme twautakia nini, na kwamba hiyo ni siri ya serikali. Ni kweli?
Vijana, Changamwe

Wanangu, si kweli, yote matatu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 35, yasema kila mwananchi ana haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali. Halafu 2016 ikaja sheria yake kamili, Sheria ya Upatikanaji wa Habari, na hiyo ndo muibebe mkienda. Yasema hivi: hulazimishwi kutoa sababu ya kutaka habari, na sababu hata wakiibuni wao haiwezi kukuzuilia haki yako. Ombi lenyewe halilipiwi, mnaweza kutozwa gharama ya kopi peke yake na iwe ya kiasi. Ombi laandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, imeandikwa humo humo, kwa hivyo atakayewarudisha eti andikeni kwa Kiingereza hajui sheria. Jibu ni ndani ya siku 21, na kama habari yenyewe yahusu uhai au uhuru wa mtu ni masaa 48. Wanaweza kuongeza mara moja tu, si zaidi ya siku 14, tena wawaambie kwa nini. Wakisema si sisi ni ofisi ile, basi wao ndo wahamishe ombi lenu ndani ya siku tano, si nyinyi kuzungushwa kutoka ghorofa hii mpaka ile.

Barua ya MCA haimo popote.

Siri zipo, sitawadanganya, usalama wa taifa, mambo ya ndani ya mtu binafsi, siri za kibiashara za kampuni na mengine, lakini pesa ya umma iliyojenga mtaro wa umma, mkataba wake ni miongoni mwa vitu ambavyo sheria hiyo inazitaka ofisi zivitoe zenyewe bila hata kuombwa.

Andikeni fupi. Kwa Afisa Mkuu wa ofisi hiyo, manake kisheria yeye ndiye afisa wa habari asipomteua mwengine. "Sisi ni wananchi wa Kenya, kwa mujibu wa kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 twaomba nakala ya mkataba wa ujenzi wa mtaro wa mtaa fulani, makadirio ya kazi na bei zake, hati za malipo, na cheti cha kukamilika kwa kazi." Jina, simu, tarehe, sahihi, basi. Msiandike "twaomba habari zote kuhusu mtaro" hiyo huwapa nafasi ya kusema hatukuwaelewa, tajeni karatasi kwa jina. Nakala yenu igongwe muhuri, na mkituma kwa imeli hifadhini.

Wakinyamaza siku zikapita, sheria yahesabu kwamba wamekataa. Hapo mwaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ofisi ya Ombudsman, wana ofisi hapa Mombasa, ndani ya siku 30, na kuwapelekea lalama hakuna malipo. Msiache zikapita na nyinyi.

Na msiambiwe ni mambo ya Nairobi haya. Kesi kubwa kabisa ya haki hii ilisikizwa hapa hapa Mahakama Kuu ya Mombasa. Khelef Khalifa wa Muhuri, lile shirika la haki za binadamu, pamoja na mwanaharakati Wanjiru Gikonyo waliomba mikataba ya reli ya SGR, serikali ikakataa, eti ina masharti ya siri na Wachina, wakashtaki 2021, na Mei 2022 Jaji Mativo akaamua serikali iitoe. Novemba mwaka huo waziri mpya wa uchukuzi akaweka sehemu ya mikataba hadharani. Sehemu tu, na mimi naona hiyo haikutosha, amri ya mahakama si ya kutekelezwa nusu. Hukumu yenyewe iko Kenya Law, [2022] KEHC 368, isomeni, printini kurasa zinazowafaa mwambatishe kwa barua yenu. Kama mkataba wa mabilioni na benki ya China uliamriwa utolewe, wa mtaro wa Changamwe utakua siri ya nini?

Mkisubiri zile siku 21 msikae bure. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ziko kwa saiti yake, kila kaunti na yake, yatakiwa kutoka ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha, na mimi ndo hua naanza nazo kwa sababu mkaguzi huandika mradi kwa jina, umekwama wapi na karatasi gani hakuonyeshwa. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutoka kila robo mwaka, hizo zina jumla jumla, kwa mtaro mmoja hazitawafaa sana. Zabuni ziko tenders.go.ke, japo si kila ofisi huweka kila kitu, na mkikuta ya kwenu haimo, kutokuwepo kwake kuandikeni kwenye barua.

*

Shangazi niko chuo hapa mjini nasomea sheria diploma. Nliuliza ile programu ya akili bandia ikanipa kesi nne za Kenya safi kabisa na majina ya majaji, nikitafuta moja ndo naiona, tatu sizioni. Labda hazijawekwa mtandaoni?
Mwanafunzi, Tudor

Mwanangu, labda hazijawahi kuwepo. Programu hizo hutunga kesi, jina zuri, namba nzuri, jaji wa kweli, na kesi yenyewe hakuna. New York 2023 mawakili wazima waliziweka kesi za kutungwa namna hiyo mbele ya jaji, kwenye kesi ya abiria aliyelishtaki shirika la ndege la Avianca, wakapigwa faini ya dola 5,000. Kesi usiyoifungua wewe mwenyewe ukaisoma usiiandike. Na hiyo moja uliyoiona isome mpaka mwisho, manake mara nyingi kesi ipo lakini haisemi kile ulichoambiwa inasema. Tumia alama za kunukuu ukitafuta maneno kamili, na anza na kifungu cha sheria halafu uone ni majaji gani wamekizungumza, usianze na majina ya kesi.

*

Shangazi haya yote unayosema yako kwa Kiingereza. Babangu ni mvuvi, Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha hao mawakili lakini Kiingereza hajui na kuandika pia ni shida. Yeye afanyeje?
Binti wa mvuvi, Mtongwe

Mamangu, hili swali lako ndilo limenikaa rohoni. Katiba kifungu cha 7 yasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, halafu ukifungua sheria mia moja utakuta karibu zote ni Kiingereza kitupu. Katiba yenyewe ipo kwa Kiswahili, hiyo daunlodi umsomee. Kumbukumbu za bunge, mbunge akizungumza Kiswahili huandikwa vile vile alivyosema. Lakini sheria ya uvuvi, sheria ya ardhi, kanuni za kaunti zinazomtoza ushuru sokoni, mzee wa miaka sabini aambiwe azifuate na hawezi kuzisoma, mimi naona ni dhulma na nitaendelea kuisema. Jirani zetu Tanzania 2021 walibadilisha sheria yao kwamba lugha ya sheria na ya mahakama iwe Kiswahili, na ukiingia TanzLII, saiti yao ya hukumu na sheria, utazikuta hukumu za Kiswahili za kusoma bure, si sheria yetu, lakini hakuna atakayekwambia tena kwamba lugha yetu haiwezi kazi ya mahakamani.

Kwa babako sasa. Kama kuna karatasi anayoitaka, tuseme ile orodha ya wavuvi waliotajwa kulipwa fidia, au kanuni mpya za beach yenu, si lazima aandike. Sheria ile ya 2016 yasema mtu asiyeweza kuandika kwa kutojua au kwa ulemavu, afisa wa habari lazima amsaidie, mzee aseme kwa mdomo wake na kwa Kiswahili chake, afisa aandike, kisha ampe mzee nakala ya kile alichoandika. Enda naye, kaa kando, umwache azungumze mwenyewe, na wewe kabla hamjatoka isome hiyo nakala uone kama ndivyo alivyosema na kama ina tarehe, kwa sababu siku 21 zaanza kuhesabiwa kutoka hapo.